Kuotesha mimea kwa vipande vya shina, kwa dawa ya mizizi na bila dawa: mwongozo kutoka Tanga

Muhogo tunapanda pingili. Viazi vitamu, marando. Mkonge, vikonyo na maotea. Mgomba, machipukizi. Mtu aliyekulia shamba katika mkoa huu wa Tanga anajua tangu utotoni kwamba mmea hauzaliwi kwa mbegu tu. Mkonge wenyewe, uliowalisha wazee wetu, uliingia kwa njia hiyo. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dkt. Richard Hindorf, aliagiza vikonyo 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika huku vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Hivyo 62 ndivyo vilivyoanzisha mashamba ya mkonge.

Nawakumbusha watu hesabu hiyo kila wanaponiuliza swali moja, na swali lenyewe naulizwa karibu kila wiki. Nina kitalu kidogo cha maua na viungo nyuma ya nyumba, Chumbageni, na mtu akiona asumini au bogenvilia zimejipanga kwenye viriba husema, "Dada, hiyo dawa ya mizizi umeipata wapi?" Dawa ninayo, na nitaeleza namna ya kuitumia. Lakini vipandikizi vingi vinavyokufa mikononi mwa watu wa pwani havikufa kwa kukosa dawa. Vimekauka, vimeoza, au vimekunywa chumvi. Ukiyashinda hayo matatu, nusu ya mimea unayoitamani itaota bila hata chembe ya dawa, na nusu nyingine itakuwa tayari kunufaika nayo.

Mmea usio na mdomo

Kipandikizi ni mmea uliokatwa mdomo. Majani yanaendelea kutoa maji hewani, mizizi ya kuyarudisha haipo. Kila hatua utakayoisoma hapa chini inatokana na jambo hilo moja: punguza kiu ya kipandikizi mpaka mdomo mpya uote.

Mdomo huo unaotaje? Ncha za matawi na majani machanga hutengeneza homoni iitwayo auksini. Homoni hii husafiri kwenda chini kupitia shina. Ukikata tawi, auksini inafika kwenye jeraha, haina pa kwenda tena, inajikusanya. Seli za hapo zinaanza kugawanyika. Kwanza utaona kovu jeupe lililovimba, kama punje ya wali, kisha vichomozo vidogo vyeupe ambavyo ndiyo mizizi. Usichanganye hivyo viwili. Kovu jeupe si mzizi, na kipandikizi kinaweza kukaa na kovu wiki nyingi kisiote chochote.

Kwa sababu auksini hushuka, kipandikizi kina kichwa na miguu, nacho hakisahau ipi ni ipi. Ukikichomeka kichwa chini, kitahangaika na mara nyingi kitakufa. Kwa hiyo mimi hukata chini mshazari na juu mkato ulionyooka. Hata vipandikizi mia vikichanganyika kwenye beseni, natambua upande wa chini kwa kupapasa.

Dawa ya mizizi ni auksini ya kutengenezwa. Iliyo kwenye chupa na vikopo vingi ni asidi ya indolbutiriki, ambayo kwenye lebo huandikwa IBA, na wakati mwingine huchanganywa na nyingine iitwayo NAA. Kazi yake ni kuongeza kile ambacho tawi tayari lilikuwa linakishusha. Haileti maji, haiui kuvu, haiondoi chumvi.

Upi unahitaji dawa, upi hauhitaji

Usinunue dawa kwa ajili ya muhogo, marando ya viazi, mrehani, mnanaa, mforosadi, mgliricidia, mlonge, mnyaa au mbono kaburi. Hii inaota yenyewe. Mrehani ukiuweka kwenye glasi ya maji dirishani unatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Tawi la mlonge lenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu, nene kama kifundo cha mkono, unalichimbia ardhini mwanzo wa mvua na kazi imekwisha. Mtini na mkomamanga nao ni wakarimu, ingawa kwa mkomamanga dawa kidogo huongeza idadi ya mizizi.

Dawa huonyesha thamani yake kwa bogenvilia, waridi, haibiskasi zenye maua yaliyojikunja, asumini iliyokomaa na vichaka vingi vya mbao ngumu. Bogenvilia ya zambarau tuliyoizoea huota hata bila dawa. Zile nyeupe na za rangi ya chungwa ni wabishi, na hapo ndipo kikopo changu hufunguliwa.

Kuna mimea ambayo haifai kuipotezea muda kwa njia hii. Mnazi una kilele kimoja tu cha kukulia, ukikikata umeua mti. Mpapai tunapanda mbegu. Mwembe hauoti kwa kipandikizi kwa kiwango cha kumfaa mtu yeyote. Na machungwa ya Muheza, unayoyaona yamepangwa barabarani, hutoka kwenye miche iliyobebeshwa juu ya shina la limau, nao ni ufundi mwingine kabisa.

Pilipili manga naitaja peke yake kwa sababu wakulima wa upande wa Amani na Muheza wananiuliza sana. Huota vizuri bila dawa kama umechukua marando sahihi. Usikate matawi ya pembeni yanayozaa. Hayo hukupa kichaka kifupi kisichopanda. Chukua marando yanayotambaa chini kwenye shina la mama, kata vipande vya vifundo viwili au vitatu, fukia kifundo kimoja au viwili, weka kivulini. Mizizi huja ndani ya wiki nne hadi nane. Ukitaka kuharakisha, dawa nyepesi inafaa, ila kivuli na unyevu ndivyo vinavyoamua.

Chumvi, adui wetu wa pwani

Hapa nitakaa kidogo, maana miongozo iliyoandikwa kwa watu wa bara hailigusi jambo hili.

Mwaka wangu wa kwanza nilijaza makopo arobaini mchanga mzuri mweupe niliouzoa ufukweni. Ulikuwa msafi, hauna taka, unapitisha maji. Nikapanda asumini. Baada ya siku tisa kingo za majani zikawa za kahawia, zinavunjika kama karatasi iliyoungua, na vipandikizi vyote vikafa mmoja baada ya mwingine. Nilidhani ni ugonjwa. Bibi yangu, aliyekuja kutoka Pangani kututembelea, alichovya kidole kwenye kopo moja, akakilamba.

"Mjukuu wangu, hii umeipanda baharini."

Tangu siku hiyo naonja. Mchanga ninaotumia ni wa mto, na hata huo nauosha. Jaza nusu ndoo, mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga maji yenye tope, rudia mpaka maji yatoke safi. Kisha weka tone ulimini. Ukisikia chumvi hata kidogo, osha tena.

Makumbi nayo yana mtego wake. Vumbi la makumbi ya nazi linashika maji vizuri na bado linaacha hewa ipite, ni zawadi ya pwani. Lakini kama ni makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la bahari ili yasokotwe kamba, yameshiba chumvi. Yaloweke kwenye maji baridi ya kawaida siku mbili, mwaga, loweka tena, mara tatu au zaidi, kisha onja.

Na maji ya kumwagilia. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya magadi. Ukiona ukoko mweupe unajijenga juu ya mchanga au pembeni mwa kopo, maji yako ndiyo yenye kosa. Kinga maji ya mvua kwenye pipa wakati wa masika, uyahifadhi kwa ajili ya vipandikizi tu. Havinywi mengi.

Mchanganyiko wangu ni sehemu mbili za mchanga wa mto kwa sehemu moja ya vumbi la makumbi. Asiye na makumbi atumie makapi ya mpunga yaliyochomwa mpaka yakawa meusi bila kugeuka jivu. Usitie samadi wala mboji. Kipandikizi hakina mdomo wa kula chakula hicho, na kinachokila badala yake ni kuvu. Kabla ya kupanda, mwagia mchanganyiko maji yaliyochemka, uache upoe, au uutandaze juani chini ya nailoni angavu kwa wiki kadhaa.

Msimu na saa ya kukata

Wakati mzuri kwangu ni mwanzo wa masika, mwishoni mwa Machi na Aprili, hewa ikishakuwa na unyevu. Vuli, kuanzia Oktoba, ni nafasi ya pili. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua likiwa kali, hata mwenye uzoefu hupoteza vingi. Asiyeweza kusubiri aongeze kivuli na kufunika.

Kata alfajiri au asubuhi mapema, tawi likiwa limejaa maji ya usiku. Mwagilia mmea mama jioni yake. Tawi lililokatwa saa saba mchana limeshakuwa na kiu kabla hujalianza.

Chagua mmea mama wenye afya. Tawi liwe halijachanua. Lenye maua limeshatuma nguvu yake kwingine, kwa hiyo kama huna lingine, ondoa maua na vitumba vyote. Umri wa tawi ni huu: kwa asumini, haibiskasi na waridi, tafuta tawi ambalo halijawa gumu kabisa. Likunje kidogo. Likijipinda kama mpira bila kuvunjika, bado changa mno. Likikataa kabisa, limezeeka. Likipinda kisha likalia "ta!" na kukatika kwa usafi, hilo ndilo. Kwa bogenvilia, mkomamanga na mforosadi chukua mbao ngumu zaidi, nene kama penseli.

Kukata

Nitaeleza kwa asumini, kwa sababu ndilo ua ambalo kila nyumba ya pwani hulitaka mlangoni, la kusuka kikuba na la kutia kwenye nywele za bi harusi.

Kisu au mkasi wa kupogolea uwe mkali na uliofutwa kwa spiriti. Mkasi butu unaponda, na mahali palipopondwa ndipo pa kuanza kuoza. Shika tawi, hesabu vifundo kutoka ncha. Kifundo ni pale jani linapotokea, pana uvimbe mdogo ukipapasa. Unahitaji vifundo vitatu au vinne, urefu wa sentimita 10 hadi 15. Kata chini ya kifundo cha mwisho, karibu nacho, kiasi cha nusu sentimita. Hapo kwenye kifundo ndipo mizizi hupenda kutokea, na kipande kirefu cha shina ukikiacha chini yake kitaoza tu.

Sasa ondoa majani ya vifundo viwili vya chini. Usiyavute kwa nguvu yakachuna ganda, yakate. Acha majani mawili au manne juu, na kama ni mapana, kata kila moja nusu kwa mkasi. Wengine huyaacha yote kwa huruma, wengine huyaondoa yote kwa hofu. Jani hutengeneza sukari na auksini ya kujenga mizizi, kwa hiyo ukilimaliza lote kipandikizi kibichi kinabakia kijiti. Ukiyaacha yote, yanakifyonza maji mpaka kikauke. Nusu jani ni suluhu ya haki. Mbao ngumu, kama mforosadi usio na majani, zina akiba ndani ya shina na zinaweza kukaa bila jani.

Kwa tawi gumu, nachuna ganda kidogo upande mmoja chini, ukanda wa urefu wa sentimita mbili, kwa ncha ya kisu, mpaka nione ukijani. Jeraha hilo huita mizizi, na kama unatumia dawa, hupata mlango wa kuingilia.

Vilivyokatwa viweke kwenye ndoo yenye maji kidogo, vifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu, kivulini, na vipandwe siku hiyohiyo. Baadhi ya mimea yenye utomvu mweupe haifuati sheria hii. Mnyaa unaulaza kivulini siku tatu hadi tano jeraha likauke ndipo unapanda. Tahadhari na utomvu wake, ukiingia jichoni ni hatari, kwa hiyo vaa glavu na usiwaweke watoto karibu.

Kupanda bila dawa

Loanisha mchanganyiko. Ukiufumbata mkononi na kuubana, yatoke matone mawili matatu, si mchirizi. Toboa shimo kwa kijiti, ingiza kipandikizi mpaka vifundo viwili vizame, kisha bana mchanga pembeni kwa vidole ili kusiwe na uwazi. Mwagilia kidogo mchanga ukae. Kopo liwe na matundu chini.

Watu wengi huniletea mapendekezo ya dawa za nyumbani, nami nimezijaribu kwa miaka. Asali na mdalasini husaidia kuzuia ukungu kwenye jeraha, hilo ni kweli, lakini si homoni na hazioteshi mizizi. Ute wa mshubiri haudhuru, na kwa matawi laini huenda ukayatunza yasikauke. Mimi sioni tofauti kubwa. Maji ya dafu ndiyo yanayopendwa zaidi hapa Tanga, nayo yanastahili maelezo. Ndani yake mna homoni kweli, ndiyo maana maabara za kuzalisha mimea huyatumia, lakini nyingi ni za kundi la saitokinini, ambalo kazi yake kubwa ni kuchipusha majani, na likizidi huzuia mizizi. Tena yana sukari. Niliwahi kuloweka waridi usiku kucha kwenye maji ya dafu, asubuhi ndoo ikawa inanuka tembo la mnazi, na ndani ya wiki vitako vyote vikawa vyeusi. Dafu nalinywa.

Njia ya maji matupu kwenye chupa inafaa kwa mrehani, mnanaa na mimea laini. Badilisha maji kila siku mbili, na hamisha mizizi ikiwa na sentimita mbili tatu. Mizizi iliyozaliwa majini ni dhaifu, ukiichelewesha haitazoea udongo.

Kupanda kwa dawa

Soma lebo kwanza. Nguvu ya dawa huandikwa kwa asilimia au kwa sehemu kwa milioni. Asilimia 0.1 ni sawa na sehemu 1,000 kwa milioni, asilimia 0.3 ni 3,000, asilimia 0.8 ni 8,000. Matawi laini, mfano wa haibiskasi changa, yanatosha na 500 hadi 1,000. Yaliyokomaa nusu, asumini na waridi, 1,000 hadi 3,000. Mbao ngumu, bogenvilia wabishi wakiwemo, 3,000 hadi 8,000. Muuzaji akikupa kikopo kisicho na kiwango wala tarehe ya mwisho, mrudishie. Nilishauziwa unga wa namna hiyo kwenye duka moja la pembejeo, ulikuwa umekaa rafuni juani sijui tangu lini, na haukuwa na tofauti na vumbi la chaki.

Unga ndio rahisi kwa mtu wa nyumbani. Mimina kiasi kidogo kwenye kifuniko. Usichovye vipandikizi ndani ya kikopo chenyewe, unyevu na kuvu vitaharibu chote. Kitako cha kipandikizi kiwe na unyevu kidogo, kisidondoshe maji. Chovya sentimita moja na nusu hivi, kisha gonga shina kwa kidole unga uliozidi uanguke. Kinachotakiwa ni utando mwembamba kama poda usoni mwa mtoto. Toboa shimo kwa kijiti pana kuliko shina, uingize kipandikizi taratibu. Ukikisukuma moja kwa moja mchangani, unga wote unabaki juu. Uliobaki kwenye kifuniko tupa.

Dawa ya maji hupenya sawasawa zaidi. IBA ya kawaida haiyeyuki vizuri majini, huyeyushwa kwanza kwa spiriti. Ile ya chumvi ya potasiamu huyeyuka majini moja kwa moja. Gramu moja kwa lita moja hukupa 1,000 kwa milioni. Chovya kitako sekunde tano, acha kikauke dakika chache, panda. Kama umetumia yenye spiriti usizidishe muda, spiriti inaunguza shina laini.

Tamaa ya kuongeza dozi ndiyo inayowaponza wengi. Auksini ikizidi, kitako hugeuka cheusi, shina hupasuka, majani huanguka, na hata kama mizizi itatoka, macho ya juu yanagoma kuchipua. Ukiwa na shaka, tumia kiwango cha chini. Osha mikono, vaa glavu na kitambaa puani ukitumia unga, na hifadhi kikopo mahali pa giza na baridi, mbali na watoto.

Kufunika

Dawa au bila dawa, kuanzia hapa njia ni moja, na hapa ndipo vita huamuliwa.

Chukua chupa kubwa ya maji ya kunywa, iliyo angavu, ikate kitako, ufunike kopo nayo. Kifuniko chake kiwe kimefungwa. Ndani ya saa moja utaona jasho ukutani, hiyo ni dalili nzuri. Weka mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, chini ya makuti au neti ya kivuli. Chupa ikiachwa juani saa moja inakuwa jiko, utapika vipandikizi vyako.

Kila asubuhi fungua kifuniko dakika kumi hewa ibadilike. Ondoa jani lililoanguka au lenye ukungu siku hiyohiyo. Usimwagilie kwa mazoea. Gusa mchanga, kama una unyevu, uache. Jasho kubwa mno na maji yanayotuama huleta kuoza, na kuoza huanza chini usipoona.

Na usichomoe kuangalia. Najua mkono unawasha. Mzizi wa siku ishirini ni mwembamba kuliko uzi, ukichomoa umeukata. Chipukizi jipya la juu nalo halithibitishi chochote, kwani linaweza kuchipua kwa akiba ya shina tu. Subiri wiki nne kwa asumini na haibiskasi, sita au zaidi kwa bogenvilia, kisha vuta kidogo sana. Kikikataa, kimeshika.

Ukitaka vingi: sanduku lisilohitaji umeme

Anayetaka mamia ya miche atengeneze sanduku la mbao, urefu mita mbili, upana mita moja, chini litandikwe nailoni ngumu isiyovuja. Weka mawe makubwa, juu yake kokoto, juu yake mchanga mwembamba, zote pamoja zifike kama sentimita 20. Ingiza kipande cha bomba wima mpaka kwenye mawe, hapo ndipo utakapomimina maji na kupima kina kwa kijiti. Maji yajae kwenye mawe na kokoto, yasifike kwenye mchanganyiko wa kuoteshea utakaouweka juu kabisa, sentimita 8 hadi 10. Jenga fremu juu, ifunikwe nailoni angavu pande zote na mlango unaofunga vizuri. Lote liwe chini ya kivuli.

Maji ya chini hupanda taratibu kama mvuke na kuifanya hewa ya ndani iwe na unyevu wakati wote. Halihitaji pampu wala umeme, na hukaa siku nyingi bila kuongezewa maji. Kila unapofungua, nyunyizia majani ukungu mwepesi wa maji kabla ya kufunga.

Jaribu mwenyewe, bega kwa bega

Kabla hujaamini neno la mtu yeyote kuhusu dawa, mimi nikiwemo, fanya hivi mara moja. Kata vipandikizi 20 vya mmea mmoja, siku moja, unene mmoja. Kumi vitie dawa, kumi usivitie, vichanganywe kwenye sanduku moja na kuwekewa alama. Baada ya wiki nane chomoa vyote, vilaze kwenye gunia kwa mistari miwili. Usihesabu vilivyo hai tu, angalia na wingi wa mizizi. Kwa mforosadi wangu mistari ilifanana. Kwa bogenvilia nyeupe, mstari wa dawa ulikuwa na mizizi imezunguka shina pande zote, na ule mwingine vichache viliota mzizi mmoja mmoja upande mmoja. Mche wa mzizi mmoja huanguka upepo wa kusi ukija.

Kuhamisha

Mizizi ikishafika sentimita tatu hadi tano, anza kuzoesha. Siku ya kwanza fungua kifuniko cha chupa, kiache wazi. Baada ya siku tatu inua chupa saa chache asubuhi, ongeza kila siku, mpaka wiki ya pili chupa iondoke kabisa. Watu hupoteza miche mizuri kwa kuitoa kwenye jasho na kuitupa juani siku moja.

Hamishia kwenye kiriba chenye udongo wa juu, mchanga na mboji iliyoiva, sasa ndipo chakula kinapohitajika. Bogenvilia uishike kwa adabu, mizizi yake inakatika kama tambi kavu. Mimina kopo lote na donge lake, usilitikise. Kaa nayo kivulini wiki mbili, kisha jua la asubuhi, kisha jua lote. Kabla ya kupanda ardhini angalia mchwa. Vijiti vya mbao ngumu ni karamu yao, na pindi wakikila kipandikizi utadhani kimekauka chenyewe.

Ugonjwa husafiri ndani ya pingili

Kipandikizi ni mwili uleule wa mama. Ukibeba uzuri wake, unabeba na maradhi yake. Wakulima wa muhogo wamelipa gharama kubwa kwa hili. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza kwenye vilima vya Usambara, na mtaalamu H. H. Storey aliyefanya kazi Amani, mwaka 1936. Unaenezwa na inzi weupe, lakini mbebaji wake mkubwa wa safari ndefu ni mkono wa binadamu anayegawa pingili kwa jirani.

Kwa hiyo kabla ya kukata, zunguka mmea mama mzima. Kwa muhogo, majani yaliyojikunja na yenye mabaka ya njano ni batobato, uuache. Michirizi haionekani vizuri kwenye majani machanga, angalia ya chini yaliyokomaa, angalia michirizi ya kahawia kwenye shina la kijani, na ng'oa shina moja upasue kiazi. Ukiona mabaka ya kahawia makavu ndani, usichukue pingili hata moja kwenye shamba hilo. Ukipata shamba safi, chukua sehemu ya katikati ya shina lenye umri wa miezi 8 hadi 12, pingili za sentimita 20 hadi 25 zenye macho matano hadi saba. Usichukue ncha ya kijani wala kitako kigumu. Futa panga kwa spiriti unapotoka shina moja kwenda lingine, na kila fungu ulifunge kwa kamba yake, uandike limetoka shamba gani na siku gani, ili likija kuonyesha dalili ujue pa kurudi na nani wa kumwambia.